Kanuni Mpya kwa Hiari ya Mwandishi: Historia Fupi ya Mabadiliko katika Lugha za Kompyuta

Utangulizi

Wasomaji wa jarida letu wamezoea kukuta humu makala juu ya ngeli, juu ya methali na juu ya washairi wa pwani. Leo tunaomba ruhusa ya kwenda mbali kidogo na uwanja huo. Hata hivyo, kama itakavyoonekana, hatutakuwa tumeiacha shughuli yetu ya kila siku, nayo ni kuamua lipi ni kosa na lipi si kosa katika maandishi ya mwanafunzi.

Kisa kilichotusukuma kuandika ni hiki. Katika shule tunakofundisha, mjini Bujumbura, kuna chumba chenye kompyuta chache na kabati la vitabu vya msaada, vingi vikiwa vya zamani. Siku moja mwenzetu anayefundisha somo la kompyuta alitujia pamoja na mwanafunzi mmoja, kitabu mkononi. "Mwalimu," akasema kijana, "kitabu hiki kinasema uongo." Alikuwa amenakili mfano wa kwanza wa kitabu, ule wa kuiamuru mashine iandike salamu:

print "Hamjambo"

Mashine ilikataa. Ilimjibu kuwa pana kosa la sintaksia, na kwamba mabano yamekosekana. Tulikagua herufi moja moja, tukaona kijana amenakili sawasawa. Mwenzetu alikuwa ametuita sisi kwa sababu, kama alivyosema kwa mzaha, ugomvi wa mabano na nukta ni kazi ya mwalimu wa lugha.

Kitabu hakikusema uongo. Kiliandikwa wakati ambapo lugha ile, iitwayo Python, iliruhusu amri hiyo iandikwe bila ya mabano. Mashine yetu ilikuwa na toleo la baadaye, linalodai mabano. Baina ya kitabu na mashine kanuni ilikuwa imebadilika, na kijana asiye na hatia akatumbukia katika ufa uliobaki.

Swali tunalotaka kulijibu ni hili: watunzi wa lugha za kompyuta hufanyaje wanapotaka kuleta kanuni mpya ya uandishi pasipo kuyavunja maandishi yaliyokwisha kuandikwa? Tutaifuata historia ya jambo hili hatua kwa hatua, kisha tutaona kama ina funzo kwetu sisi wa lugha za binadamu.

Lugha isiyojua kusamehe

Yafaa tuanze kwa kueleza tofauti moja kubwa. Mtoto akimwambia mama yake "kitabu yangu imepotea", mama anaelewa, anamsahihisha akipenda, na kitabu kinatafutwa. Lugha ya kompyuta haina mama wa namna hiyo. Ni maneno machache yaliyopangwa kwa kanuni kali, na msomaji wake ni programu nyingine, ambayo kazi yake ni kuyafasiri maandishi yale kuwa amri za mashine. Msomaji huyu hakisii nia ya mwandishi. Lililoandikwa ama linalingana na kanuni, ama linakataliwa.

Kwa hiyo kila badiliko la kanuni lina madhara, nayo ni ya namna mbili. Namna ya kwanza ni madhara ya wazi: programu ya zamani inakataliwa, kama ilivyokataliwa salamu ya kijana wetu. Hiyo ni hasara, lakini angalau inaonekana. Namna ya pili ni madhara ya kimya: programu ya zamani inaendelea kukubaliwa, ila sasa inatoa jibu jingine. Hakuna anayeonywa. Mtu anaweza kukaa miezi akitumia hesabu zisizo sawa huku akiamini kuwa mambo ni yale yale. Watunzi wa lugha hizi wanaiogopa namna hii ya pili kuliko ile ya kwanza, na njia nyingi tutakazozitaja zilibuniwa kwa kuikimbia.

Chanzo cha zamani: Fortran

Mfano wa mapema tunaupata katika lugha ya Fortran, iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1957, kazi ya kundi lililoongozwa na John Backus. Watunzi wake waliweka kanuni ya kumpunguzia mwandishi kazi. Jina lolote la kiasi lililoanza kwa herufi kati ya I na N lilihesabiwa kuwa la namba kamili, na jina lililoanza kwa herufi nyingine lilihesabiwa kuwa la namba yenye sehemu, pasipo mwandishi kutangaza lolote.

Urahisi huo ulikuwa na mtego wake. Mwandishi aliyekusudia JUMLA akaandika JUMAL kwa kuteleza kwa kidole hakuonywa. Mashine ilidhani kuwa ameleta kiasi kipya, ikaendelea na kazi, na jibu likaharibika kimyakimya.

Dawa iliyoingia rasmi katika Fortran 90 ilikuwa tamko la maneno mawili, IMPLICIT NONE, ambalo kwa Kiswahili tungesema "kisidhaniwe chochote". Mwandishi anayeliweka mwanzoni mwa programu yake anaomba mwenyewe abanwe: kila jina litangazwe, na lisilotangazwa likataliwe. Asiyeliweka anaendelea kusomwa kwa desturi ya 1957. Leo walimu wa Fortran huwahimiza wanafunzi wao waliweke tamko hilo kila mara, lakini kanuni ya zamani haijafutwa, na programu zilizoandikwa zamani na wanasayansi bado zinasomeka kwa kanuni hiyo.

Hapa tayari tunaliona wazo lenyewe katika umbo lake la awali. Kanuni mpya haimwangukii mtu kutoka juu. Anayeitaka anaiita, na anaiita ndani ya maandishi yake mwenyewe, mahali ambapo kila msomaji ataiona.

Tamko la wakati ujao

Lugha iliyolipa wazo hili umbo lililokomaa zaidi ni hiyo Python ya kijana wetu. Mtunzi wake, Guido van Rossum, ni Mholanzi. Aliianza kazi hiyo wakati wa Krismasi ya mwaka 1989, alipokuwa katika taasisi ya utafiti ya CWI mjini Amsterdam, na toleo la kwanza likatolewa kwa umma Februari 1991. Jina lake halikutokana na chatu, kama wengi wanavyodhani, bali na kundi la wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python.

Lugha hiyo ilipoenea, mabadiliko yake yalianza kujadiliwa kwa nyaraka zenye namba, ziitwazo PEP. Waraka wa 5, ulioandikwa na Paul Prescod mwaka 2000, ulidai kwamba badiliko lolote lisilopatana na maandishi ya zamani litanguliwe na kipindi cha mpito kisichopungua mwaka mmoja. Muda si muda dai hilo likapata mtihani.

Mtihani ulihusu majina. Katika Python fungu la amri linaweza kupewa jina, na ndani yake likawamo fungu jingine dogo. Wakati huo fungu la ndani, likitafuta jina, lilitazama kwanza ndani mwake lenyewe, kisha likaruka hadi uwanja mpana wa faili nzima. Lile fungu la nje lililolizunguka halikuliona kabisa. Ni kama mtoto aliyemo chumbani anayetafuta kisu: asipokiona chumbani anakwenda moja kwa moja sokoni, pasipo kutupa hata jicho sebuleni mwa baba yake. Katika Waraka wa 227, Jeremy Hylton alipendekeza kwamba mtoto apite sebuleni kwanza.

Pendekezo lilikuwa la busara, lakini lilibeba ile hatari ya kimya. Ikiwa kisu kimoja kiko sebuleni na kingine kiko sokoni, programu iliyokuwa ikitumia cha sokoni sasa ingetumia cha sebuleni, na mwenyewe asijue. Februari 1991 watumiaji wa Python walikuwa wachache; miaka 10 baadaye walikuwa wengi mno kuweza kuambiwa tu "jihadharini".

Jibu lilitolewa na Tim Peters katika Waraka wa 236 wa Februari 2001, ambao kichwa chake kilikuwa cha mzaha, kikikumbusha filamu moja ya Kimarekani ya mwaka 1985. Kwa njia yake, anayetaka kanuni mpya huandika juu ya faili yake mstari kama huu:

from __future__ import nested_scopes

Kwa tafsiri ya karibu, mstari huu unasema: "Kutoka wakati ujao, niletee kanuni ya mafungu ya ndani." Faili yenye mstari huo husomwa kwa kanuni mpya. Faili isiyo nao husomwa kwa kanuni ya zamani, lakini mashine humwonya mwenyewe pale inapoona kwamba maana itakuja kubadilika.

Inafaa tuyatazame masharti ya tamko hilo, kwani ndiyo yenye hekima. Kwanza, sharti likae juu kabisa ya faili. Kabla yake huruhusiwa maelezo tu ya mwandishi na matamko mengine ya aina hiyo hiyo. Msomaji hatakiwi kufika katikati ya maandishi ndipo agundue kuwa kanuni zilikuwa nyingine. Pili, tamko linaihusu faili ile peke yake. Watu wawili wanaofanya kazi moja wanaweza kuandika kila mmoja kwa kanuni yake, na faili zao zikaitana pasipo ugomvi. Tatu, mashine isiyoijua kanuni iliyoombwa hairuhusiwi kujifanya haikusikia. Inakataa waziwazi, ili programu isisomwe kwa kanuni ambayo mwandishi hakuikusudia. Nne, kila kanuni huandikwa katika orodha rasmi pamoja na matoleo mawili: toleo ambalo itaanza kuwa hiari na toleo ambalo inatazamiwa kuwa lazima. Na ikishakuwa lazima, jina lake haliondolewi katika orodha. Aliyetamka mapema haadhibiwi kwa kutangulia.

Watunzi hawakukosa utani. Katika Python mafungu hupambanuliwa kwa kusogeza mistari kulia, wala si kwa mabano ya mnyoosho kama ilivyo katika lugha nyingine nyingi, na wapo wasiochoka kuyadai mabano hayo. Basi mtu akiandika tamko la kuyaomba mabano kutoka wakati ujao, mashine humjibu kwa maneno ambayo maana yake ni "jambo hilo haliwezekani kabisa".

Namna tamko lilivyotumika

Kanuni ya mafungu ya ndani ilikuwa hiari katika toleo la 2.1 la Aprili 2001, ikawa lazima katika toleo la 2.2 la Desemba mwaka huo huo. Mwangalifu ataona kuwa ule mwaka mzima ulioahidiwa haukutimia.

Toleo hilo la 2.2 nalo likaleta neno jipya maalumu, yield, la kuliwezesha fungu la amri kutoa matokeo yake moja moja badala ya yote kwa pamoja. Kwa Kiingereza neno hilo lina maana pia ya mavuno au faida ya fedha. Mtu aliyeandika programu ya mashamba au ya benki angeweza kabisa kuwa amekwisha kulitumia kama jina la kawaida, na lugha ikilitwaa neno, mwenye jina hunyang'anywa. Kwa hiyo neno likawa la kuombwa kwanza, na likatwaliwa rasmi katika toleo la 2.3 la Julai 2003. Neno with lilipita njia hiyo hiyo kati ya matoleo ya 2.5 na 2.6, yaani kati ya mwaka 2006 na 2008.

Kanuni iliyongoja zaidi ilikuwa ya kugawanya. Katika Python ya zamani, namba kamili ikigawanywa kwa namba kamili ilitoa namba kamili, na sehemu iliyobaki ikatupwa. 7 kwa 2 ilikuwa 3. Mwalimu yeyote anaona ubaya wake. Mwanafunzi mwenye jumla ya alama 341 katika masomo 5 ana wastani wa 68.2, na mwenye 344 ana wastani wa 68.8, lakini mashine ingewapa wote wawili 68, na nafasi yao darasani ikawa sawa. Waraka wa 238, wa Moshe Zadka na van Rossum, ulitaka 7 kwa 2 iwe 3.5, na anayetaka namba kamili atumie alama ya mikwaju miwili. Badiliko hili ni la kimya kwa ukamilifu wake, kwani maandishi yanabaki yale yale, herufi kwa herufi, na jibu ndilo linalogeuka. Ndiyo maana liliwekwa katika hiari tangu Desemba 2001, na halikuwa lazima mpaka Desemba 2008. Miaka 7 ni muda ambao mtoto anaingia darasa la kwanza na kumaliza la saba.

Lugha nyingine zilifanyaje

Si Python peke yake iliyotafuta njia. JavaScript, lugha inayotumika katika kurasa za intaneti, ilikuwa na shida ya pekee: mwandishi haijui mashine ya msomaji wake, kama ni ya jana au ya miaka 10 iliyopita. Sanifisho lake la Desemba 2009 likaleta tamko "use strict", yaani "tumia kanuni kali". Ujanja wake ni kwamba limefungwa katika alama za kunukuu. Mashine mpya inaliona kuwa ni agizo na kuanza kukagua kwa ukali, na mashine ya zamani inaliona kuwa ni maneno yaliyonukuliwa tu, yasiyo na kazi, ikayapita.

Lugha ya C nayo ilitaka kuwa na neno la thamani za ndiyo na siyo, bool. Waandishi wengi, kwa kulikosa, walikuwa wamekwisha kujitungia lao lenye tahajia hiyo hiyo. Sanifisho la 1999 likatoa neno lenye sura isiyopendeza, _Bool, ambalo mtu wa kawaida hakutazamiwa kuwa amelitumia. Aliyetaka kuliita kwa jina zuri alitamka mwanzoni mwa faili kuwa analihitaji. Jina zuri halikuwa la wote mpaka sanifisho lililochapishwa mwaka 2024, robo karne baadaye. Huo ndio mwendo wa watu wanaoheshimu maandishi ya wenzao.

Mwaka 2008 na machungu yake

Turudi kwa kijana wetu. Tarehe 3 Desemba 2008 lilitolewa toleo la 3.0 la Python, na hapo watunzi wake walichagua njia nyingine. Makosa ya zamani yalikuwa yamelundikana, nao wakaona heri kuyaondoa kwa pamoja. Amri ya print ikadai mabano. Maandishi yakahesabiwa yote kuwa ya herufi za lugha zote za dunia, jambo jema sana kwa sisi tusio Waingereza. Kugawanya kukawa kwa kanuni mpya. Lakini safari hii faili ya zamani haikuwa na njia ya kujieleza. Mtu aliweza kuomba kanuni kutoka wakati ujao, ila hapakuwa na tamko la kuomba kanuni kutoka wakati uliopita. Kitabu cha shule yetu hakina mstari hata mmoja ambao kijana angeuongeza juu ya mfano wake ili mashine mpya iusome kama ulivyoandikwa.

Matokeo yake yanajulikana. Waandishi hawakuhama. Programu moja husimama juu ya nyingine kumi zilizoandikwa na watu wengine, na hakuna aliyeweza kuhama kabla ya wale aliowategemea. Msaada kwa toleo la 2.7, la Julai 2010, ulikuwa umepangwa kukoma mwaka 2015. Mwaka 2014 ukaongezewa muda mpaka 2020. Hata kampuni ya Dropbox, ambako van Rossum mwenyewe alikuwa akifanya kazi, ilitangaza mwaka 2018 kuwa imemaliza kuihamisha programu yake ya kompyuta za mezani baada ya jitihada ya miaka kama mitatu. Msaada ulikoma rasmi tarehe 1 Januari 2020, na toleo la mwisho kabisa, 2.7.18, likatoka Aprili mwaka huo.

Ni nini kilichowavusha watu? Kwa sehemu kubwa ni lile lile tamko la wakati ujao. Tangu toleo la 2.6, mtu aliyebaki katika lugha ya zamani aliweza kuomba print yenye mabano, kugawanya kupya, na maandishi ya namna mpya, kila moja kwa mstari wake. Faili zikaanza kubeba vichwani matamko matatu au manne, na faili moja ikasomeka katika mashine zote mbili. Benjamin Peterson alitunga mkusanyo wa zana za kusaidia uandishi huo wa pande mbili, akauita "six", yaani sita, kwa kuwa mbili mara tatu ni sita. Watunzi nao walirudi nyuma hatua moja: mwaka 2012, katika toleo la 3.3, waliirudisha alama ya u iliyotangulia maandishi, ambayo walikuwa wameifuta, ili faili za zamani zisikataliwe kwa sababu ya herufi moja isiyodhuru.

Hatudai kuwa toleo la 3 lilikuwa kosa. Lugha iliyotoka humo ni nzuri zaidi, na wanafunzi wetu wanafaidika nayo. Tunachosema ni kwamba kilichochukua miaka 11 si ugumu wa kanuni mpya, kwani mabano mawili hujifunzwa kwa dakika moja. Kilichochukua miaka 11 ni uzito wa yaliyokwisha kuandikwa.

Ahadi iliyofutwa

Kuna kisa kimoja zaidi ambacho hatupendi kukiacha. Mwaka 2018 toleo la 3.7 lilileta, kwa hiari, kanuni mpya juu ya maelezo ambayo mwandishi huambatisha kwenye majina ili kuonyesha kama anatarajia namba, maandishi au kitu kingine. Kwa Waraka wa 563 wa Łukasz Langa, maelezo hayo hayangekokotolewa papo hapo, bali yangehifadhiwa kama maandishi tu. Ilitazamiwa kuwa kanuni hiyo itakuwa lazima katika toleo la 3.10. Watu walipoijaribu, ikabainika kuwa zipo programu mashuhuri zinazoyategemea maelezo hayo wakati wa kazi, na kwamba kanuni ingezitatiza. Aprili 2021 baraza linaloiongoza lugha hiyo likaahirisha. Baadaye ikakubaliwa njia tofauti, ya Waraka wa 649 wa Larry Hastings, nayo ikaingia katika toleo la 3.14 la Oktoba 2025.

Basi wakati ujao ulioahidiwa haukuja, ulikuja mwingine. Hapa tunajifunza kuwa kipindi cha hiari ni zaidi ya chumba cha kungojea. Ni mtihani wa kanuni yenyewe, na kanuni inaweza kushindwa. Kama ingaliamrishwa siku ya kwanza, kosa lingekuwa sheria.

Hitimisho

Tumesema mwanzoni kuwa jambo hili linatuhusu. Sisi walimu wa Kiswahili tunasimama juu ya badiliko la namna hii. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikaisimamia tahajia na vitabu vya shule. Faida yake hatuwezi kuikana. Pasipo hiyo mwalimu wa Bujumbura na wa Tanga wasingetumia kitabu kimoja. Lakini yaliyoandikwa kabla hayakufutika. Msomaji anayeufungua utenzi wa Kiamu hukuta "ndia" pahali pa "njia" na "mato" pahali pa "macho", wala hatii kalamu nyekundu, kwa sababu kichwani mwa kitabu pameandikwa kuwa huu ni utenzi wa Kiamu. Jina la lahaja ndilo tamko lake.

Lakini si kila mwandishi huweka tamko, na hapo ndipo sisi wenyewe tulipokosea. Miaka michache iliyopita tulimkata alama mwanafunzi aliyeandika katika insha yake "nalikuwa" na "nalikwenda". Tulipiga mistari myekundu pasipo kufikiri, na kijana hakubisha. Baadaye tulikuja kujua kuwa amelelewa na babu yake, ambaye kila jioni alimsomea Biblia ya Kiswahili iliyokamilika mwaka 1952, na umbo hilo limejaa humo. Halikuwa kosa la uzembe. Lilikuwa kanuni halali ya wakati mwingine, iliyofika darasani kwetu bila ya mstari wa kuitambulisha. Tungeweza kumwambia: "Hivi ndivyo walivyoandika wazee, katika mtihani wa leo andika nilikuwa." Badala yake tulifanya kama mashine: tulikataa, tukapita.

Walimu wenzetu, mashine ina udhuru, kwa kuwa haijui zaidi ya kanuni iliyopewa. Mwalimu hana udhuru huo. Kabla ya kuandika "kosa" pembeni mwa daftari, hatuna budi kujiuliza kwanza kama mtoto amevunja kanuni, au amefuata nyingine aliyofundishwa na mtu anayemheshimu.

Yule kijana wa kompyuta aliweka mabano yake, na salamu ikatokea. Kitabu hatukukitupa, kwa kuwa bado kina mazoezi mazuri ya hesabu. Tulikata kipande cha karatasi, tukaandika "Kitabu hiki kinafuata kanuni za Python ya 2, kwa mashine zetu, weka mabano baada ya print", kisha kijana mwenyewe akakibandika ndani ya jalada, juu kabisa, kabla ya ukurasa wa kwanza. Yule wa "nalikuwa" amekwisha kumaliza shule, na alama zake hatukuzirudisha.